Kutoka Daraja la Pakwach hadi Koboko

Kwetu Tanzania masimulizi ya Vita vya Kagera hufuata njia moja iliyokanyagwa mpaka ikang'aa. Majeshi ya Idi Amin yanavuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulitwaa eneo la kaskazini ya Mto Kagera. Mwalimu Nyerere analitangazia taifa vita. Meja Jenerali David Musuguri anaiongoza Divisheni ya 20. Masaka inaanguka, Lukaya inapiganiwa usiku wa Machi 10 kuamkia 11, na Kampala inatekwa Aprili 11, 1979. Hapo msimulizi hupumua, akamshukuru Mungu, akaikunja hadithi yake. Mimi, ambaye nimeisikia hadithi hiyo tangu utotoni na kuipenda, nilikuwa na shauku ya siku nyingi ya kuuona kwa macho yangu mwisho wa njia ile ambao aghalabu wasimulizi wetu huuruka, yaani nchi iliyo magharibi ya Mto Nili, iitwayo West Nile, ambako askari wetu walifika mwishoni mwa Mei 1979, na ambako, kama nilivyokuja kufahamu kwa kuwasikiliza wenyeji, vita tulivyodhani tumevimaliza ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza.

Basi la Arua hutoka Kampala likaelekea kaskazini kupitia Luwero, nchi ya vita vingine ambavyo vimeandikwa sana, kwa kuwa walioshinda katika vita hivyo ndio waliokamata dola na kalamu pamoja. Kisha huvuka Nili mahali pa Karuma, likageuka upande wa machweo na kwenda kando ya mbuga ya wanyama mpaka Pakwach. Hapo mto ni mpana na mpole, umejaa mafunjo kingoni, nao unavukwa kwa daraja linalolindwa na askari. Nilipolitazama nilielewa, bila ya kufundishwa na mtaalamu yeyote wa mambo ya kijeshi, kwa nini kila aliyepigana katika nchi hii alianza kwa kuuliza daraja liko mikononi mwa nani. Maana alishikaye ameishika ng'ambo yote, na alipotezaye hana budi kukimbilia Kongo au Sudani. Jeshi letu, baada ya kuitwaa Jinja Aprili 22 na Lira katikati ya Mei, lilivuka Nili na kupanda kuelekea Arua, na Mei 27, pale Bondo, ambapo basi hupita kabla ya kuingia mjini, yakapiganwa mapigano ya mwisho ya vita vile yanayostahili kuitwa mapigano. Juni 3 askari wetu walikuwa wamesimama kwenye mpaka wa Sudani, na vita vikahesabiwa kuwa vimekwisha.

Pembeni yangu katika basi alikuwa mzee mmoja aliyevaa kofia ya kazi ya mkono, ambaye alipoisikia lafudhi yangu alinitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Wewe ni wa Tanzania?" Nilipokiri, alicheka, akanipa mkono kwa taadhima. "Basi wewe ni mkombozi," akasema, kwa maana wakombozi ndilo jina ambalo askari wetu waliitwa kote Uganda. Kisha akanyamaza kidogo, akatazama nje ambako minazi haipo bali mihogo na mtama tu, akaongeza: "Mlikuja, mkakaa, mkaondoka. Mlipoondoka, mwanangu, ndipo sisi tulipoviona vita." Sikuwa na jibu. Nilimwomba anieleze zaidi, naye akanielekeza kwa wazee wenzake wa Arua na Koboko, na habari nitakazozisimulia hapa zimetokana kwa sehemu na baraza hizo, na kwa sehemu na tarikhi iliyokwisha kuandikwa na watu wengine.

Arua ni mji wa biashara kuliko kitu kingine chochote. Tangu Julai 1, 2020 una hadhi ya jiji, na soko lake lina vitenge vya Kongo, samaki wakavu wa Nili, asali, tumbaku, mafuta ya magendo na mabishano ya bei katika Kilugbara, Kinubi, Kilingala na Kiswahili, kiasi cha kuwa mgeni wa pwani hapati kuwa bubu. Juu ya mji kuna kilima chake. Upande mmoja kanisa kuu la Kikatoliki la Ediofe, upande mwingine lile la Kianglikana la Mvara, na kati yao misikiti, kwa kuwa Uislamu wa hapa ni wa zamani na ulikuja kwa njia ya askari zaidi ya njia ya wafanyabiashara. Ipo pia mitaa ya Arua inayoitwa Tanganyika, na hapo ndipo palipokuwa na maskani ya baba yake Idi Amin. Niliposikia hayo sikuweza kujizuia kutabasamu: jemadari aliyetaka kuimega nchi yetu alikuwa na kwao katika Tanganyika nyingine, ambayo hakuna aliyempinga asiwe nayo.

Nimesema Uislamu ulikuja na askari, na hapa lazima nikawie, kwa sababu bila ya jambo hili vita vyote vya baadaye havina mantiki. Katika miaka ya 1880 Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa liwali wa Ikweta kwa ajili ya serikali ya Misri, alikatiwa njia na maasi ya Mahdi akajikita Wadelai kwenye ukingo wa Nili, pamoja na askari wake wa Kisudani. Alipoondolewa, askari wengi walibaki; na mwaka 1891 Lugard akaja kuwachukua akawafanya msingi wa nguvu ya Waingereza katika Uganda. Wazao wao ndio Wanubi. Nchi yenyewe ilipewa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa kupangishwa, ikaitwa Lado. Alipofariki ikarudi Sudani mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikakatwa na kuunganishwa na Uganda, na boma likajengwa Arua mwaka uo huo. Watu wa hapa walibadilishwa mabwana bila ya kuulizwa, na bwana wa mwisho aliona kuwa nchi hii iliyo mbali, isiyo na reli, inafaa kutoa vitu viwili tu: vibarua wa mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na askari wa King's African Rifles. Amin aliingia katika jeshi hilo mwaka 1946. Kijana wa Koboko wa wakati ule, akiwa na kifua kipana na asiye na shule, alikuwa na milango miwili mbele yake, panga la miwa au bunduki. Na wengi walichagua bunduki, kama ambavyo wengi wetu tungalichagua.

Wala isidhaniwe kuwa nchi hii ililala tu chini ya mabwana wake. Kabla ya 1917 alitokea nabii wa Kikakwa, jina lake Rembe, akiwanywesha watu maji ya dawa. Waingereza walimnyonga Yei mwaka huo, lakini maji yake yalimpita umri, na mwaka 1919 yakazuka maasi yaliyoitwa ya Yakan, ambamo waliokunywa waliahidiwa kuwa risasi hazitawadhuru. Msomaji wa Tanzania hahitaji kufasiriwa hili. Umatumbi walikunywa maji kama hayo mwaka 1905.

Katika Arua nililiuliza swali ambalo ndilo lililonileta, nalo ni kama watu wa hapa walikuwa watu wa Amin. Mzee mmoja mwalimu, ambaye ametumia aushi yake akifundisha tarikhi kwa watoto, alinijibu kwa kunihesabia maiti. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka 1974 aliondolewa, na maiti yake ikaonekana katika Mto Nili. Brigedia Charles Arube, Mkakwa kama Amin mwenyewe na mnadhimu mkuu wa jeshi, alikufa Machi 1974 katika jaribio la kumpindua rafiki yake wa zamani. Jenerali Mustafa Adrisi, aliyekuwa Makamu wa Rais, alivunjika vibaya katika ajali ya gari mwezi wa Aprili 1978, ajali ambayo wafuasi wake walikataa kuamini kuwa ni ajali. Faraka iliyoingia jeshini baada ya hapo wataalamu wengi wanaitaja kuwa mojawapo ya mambo yaliyomsukuma Amin kuwapeleka askari wake Kagera. Adrisi alirudi kutoka uhamishoni, akaishi uzee wake kimya katika nchi hii, akafariki mwaka 2013. "Sasa niambie, bwana," mwalimu akaniuliza, "katika hawa watatu ni yupi aliyekula matunda ya Amin?" Mimi naona jibu la insafu ni kwamba wengine walikula, tena kwa pupa, na wengine wakaliwa, lakini dhambi ya waliokula ilihesabiwa juu ya mashamba, nyumba na watoto wa wote.

Maana hivi ndivyo ilivyokuwa. Askari wa Amin walipovuka mpaka mwaka 1979 walikwenda na silaha zao, na mapema Oktoba 1980, miezi miwili kabla ya uchaguzi wa Desemba, walirudi kutoka Sudani. Koboko ulikuwa mji wa kwanza kushambuliwa, na kikosi cha jeshi jipya la Uganda, UNLA, kilichokuwa hapo kiliangamizwa. Kisha Arua nao ukatwaliwa kwa siku chache na kuporwa. Lililofuata halikuwa vita vya askari kwa askari. UNLA, ambalo wengi wa watu wake walitoka katika makabila ambayo Amin aliyachinja jeshini tangu mwaka 1971, lilirudi likiwa na kisasi kifuani, na mwenye kisasi hatofautishi kati ya askari na mkulima anayeongea lugha ya askari. Nyumba zilichomwa, vijiji vikahamwa, na zaidi ya watu laki mbili wakakimbilia Sudani na Zaire. Vikosi vya Tanzania vilivyokuwa bado Uganda vilirudishwa kaskazini kuukomboa mji, na wazee watatu tofauti, ambao hawakuwa pamoja, waliniambia kuwa palipokuwa na askari wetu raia alikuwa na mahali pa kushtakia. Nimeliandika hilo kwa furaha. Lakini furaha hiyo ina kikomo, kwa kuwa katikati ya 1981 askari wetu walikwenda zao.

Njia ya Koboko hutoka Arua kuelekea kaskazini, na kabla mji haujapotea machoni unafika Ombaci. Ni misheni ya Wakatoliki iliyoasisiwa na mapadri wa Comboni, yenye kanisa, shule na miti mikubwa ya kivuli, na mgeni asiyejua angepita akiisifu kwa usafi. Mwezi wa Juni 1981 maelfu ya watu waliokimbia vijiji vyao walikuwa wamejisitiri humo, chini ya mapadri na bendera ya Msalaba Mwekundu, kwa kuamini, kama wanadamu wanavyoamini duniani kote, kuwa mtu hapigwi risasi mbele ya altare. Siku ya Juni 24, baada ya kupambana na waasi huko karibu, askari wa UNLA waliingia ndani ya ua, wakafyatua risasi na kutupa makombora katikati ya umati. Waliokufa ni makumi mengi, wanawake na watoto wakiwa sehemu kubwa, na wengi zaidi walijeruhiwa. Nilisimama penye kumbukumbu yao pamoja na mtu mmoja ambaye wakati ule alikuwa mtoto wa shule. Hakunionyesha kovu wala hakulia. Aliniuliza tu kama huko Tanzania tunalijua jina la Ombaci, na ilinibidi nimwambie ukweli kwamba hatulijui, naye akasema, "Lakini mnalijua la Amin."

Naandika neno hilo kama alivyolisema, kwa sababu sijaweza kulipata jingine la kulipinga.

Kutoka Ombaci barabara ni ya lami, nzuri kuliko nyingi za kwetu, na inapita katika nchi ya mabonde na mashamba ya mihogo na tumbaku, ambapo kwa mbali huonekana milima ya Wati na Liru, ambayo Walugbara husimulia kuwa ndiyo maskani ya mwisho ya mashujaa wao wawili, Dribidu na Jaki, wazazi wa koo zao. Koboko penyewe ni mji mdogo, wenye vumbi, malori mengi na msikiti unaoonekana kabla ya jengo lingine lolote. Ulifanywa makao ya wilaya yake mwaka 2005. Kutoka hapo kuna mwendo mfupi tu mpaka Oraba, ng'ambo yake Kaya ya Sudani ya Kusini, na si mbali ni mahali paitwapo Salia Musala, inapokutana mipaka ya nchi tatu. Wakakwa wako katika zote tatu. Mtu anaweza kuzaliwa Uganda, akaoa Kongo, akazikwa Sudani, asiwe amekwenda mbali kuliko mwenda sokoni, na kwa hiyo serikali tatu humshuku ilhali yeye haishuku hata moja.

Katika baraza ya Koboko, chini ya mwembe, tukanywa chai ya tangawizi, na mazungumzo yakawa juu ya majemadari. Waliokimbia mwaka 1979 waligawanyika mapema. Upande mmoja alikuwa Brigedia Moses Ali, Mmadi, aliyepata kuwa Waziri wa Fedha wa Amin na kukosana naye kabla ya vita, akaasisi UNRF. Upande mwingine Meja Jenerali Isaac Lumago na kundi lililojiita FUNA, ambalo jina lake tu, Jeshi la Zamani la Taifa, lilionyesha kuwa macho yake yalikuwa nyuma. Makundi haya yalipigana na UNLA, na pengine yakapigana yenyewe kwa yenyewe. Wazee hawakuwapa heshima sawasawa: waliniambia kuwa watu wa Moses Ali walijaribu kuweka utawala na kumwomba mkulima chakula kabla ya kukichukua. Hiyo ni sifa ndogo, lakini katika vita vya namna hii mtu hupimwa kwa vipimo vidogo.

Wakimbizi waliokaa ng'ambo walikuta wageni wa namna nyingine. Bibi Barbara Harrell-Bond, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Oxford, alikaa kati yao katika nchi ya Yei mwaka 1982 na 1983, akaona jinsi mashirika ya misaada yanavyomfanya mtu mzima kuwa mtoto wa kulishwa, akaandika kitabu kilichotoka 1986 ambacho wanaosoma habari za wakimbizi duniani hawawezi kukikwepa. Basi elimu hiyo, inayofundishwa leo katika vyuo vya Ulaya na Marekani, kwa sehemu kubwa ilizaliwa kutokana na njaa ya watu wa Arua na Koboko.

Rais Obote alipopinduliwa Julai 27, 1985 makundi yote mawili yaliafikiana na watawala wapya, na Museveni, mshindi wa vile vita vya Luwero, alipoitwaa Kampala Januari 1986 kila mtu alitazamia damu mpya kwenye Daraja la Pakwach. Haikumwagika. Wazee wa West Nile walikwenda kwa wanajeshi wao, wakawaambia kuwa nchi imechoka, na Machi 1986 jeshi la Museveni, NRA, liliingia Arua bila ya mapigano. Katika habari zote nilizosikia safarini hii ndiyo niliyoiona kuwa kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyo na jina la shujaa, kwa kuwa ilikuwa kazi ya wazee wengi. Moses Ali aliingia serikalini, akatiwa mbaroni 1990 kwa shutuma za uhaini, akaachiliwa, na baadaye akafikia kuwa Naibu Waziri Mkuu.

Lakini haikuwa mwisho. Katikati ya miaka ya 1990 Juma Oris, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Amin, aliasisi West Nile Bank Front kwa msaada wa serikali ya Khartoum, ambayo ilitaka kulipiza kwa Uganda kuwasaidia waasi wa Sudani ya Kusini. Mabomu ya ardhini yalitegwa katika barabara hii hii niliyoisifu. Jambo la ajabu ni kwamba Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uacholi, alidai kupandwa na pepo aitwaye Juma Oris wakati mwenye jina alikuwa bado hai. Machi 1997 waasi wa Sudani ya Kusini wakiungwa mkono na jeshi la Uganda waliitwaa Kaya na Yei, na kundi la Oris, likikimbia kutoka Zaire, likavunjwavunjwa njiani. Yeye mwenyewe alifariki Juba mwaka 2001. Waliokuwa wamejitenga naye mapema, chini ya Meja Jenerali Ali Bamuze wa Aringa, walijiita UNRF ya Pili. Na Desemba 24, 2002 wakatia saini mapatano na serikali katika mji wa Yumbe. Ukihesabu tangu mapigano ya Bondo, ni zaidi ya miaka ishirini na mitatu.

Yumbe hiyo hiyo tangu Agosti 2016 ina kambi ya Bidibidi, yenye wakimbizi wa Sudani ya Kusini wapatao laki mbili. Niliwaona wengine Koboko, wamekuja sokoni, wakipatana bei na wanawake ambao mama zao walizaa chini ya miti ya Yei. Mwenyeji wangu aliniambia wenyeji walitoa ardhi kwa hao wageni, na kwamba ugomvi upo, hasa wa kuni na maji, lakini hakuna aliyekataa kwa kusema hawajui.

Askari wetu waliovuka Pakwach mwaka 1979, na wale waliorudi kuukomboa Arua mwaka 1980, wengi sasa ni wazee wa miaka sabini na zaidi, katika Musoma, Tabora, Songea na Unguja. Wamo waliokaa Koboko na wanaoijua Ombaci kabla ya Juni 24. Ewe msomaji, kama mmoja wao ni baba yako, mjomba wako au jirani yako, usimwache aishie Kampala katika kusimulia. Mwulize aliona nini ng'ambo ya Nili, andika majibu yake, na uyapeleke mahali yatakaposomwa na watu wa huko.